Kaunta ya Geiger uliyoiunda inapogoma: tyubu ishukiwe mwisho

Kwenye mikutano ya wapenda elektroniki, kaunta za Geiger, yaani vifaa vya kuhesabu mipigo ya mionzi, zilizogoma hufika na hukumu tayari. Mwenye nayo anaitoa kwenye begi, anaiweka mezani na kusema, "Tyubu imekufa." Nimezifungua nyingi, na tyubu iliyokufa kweli nimeikuta mara chache sana. Tyubu husingiziwa. Yenyewe ni silinda yenye gesi na waya mmoja katikati, umbo ambalo Hans Geiger na Walther Müller walilifikia mwaka 1928, na ndani yake hakuna kitu cha kuchoka kirahisi. Kinachogoma ni vile tulivyoizungushia sisi: umeme wa volti 400, rezista, vihami, msimbo, na mara nyingi kabisa ni vipimo tulivyopima vibaya.

Namba nitakazotumia ni za SBM-20, tyubu ya chuma ya enzi za Kisovieti, ndefu kama sentimita 11, kwa sababu ndiyo inayoonekana zaidi kwenye kazi za kujiundia. Inataka volti 400, ingawa inafanya kazi vizuri kuanzia 350 hadi 475, na mahali pa kawaida hupiga mara 15 hadi 25 hivi kwa dakika. Kama yako ni J305 ya kioo, au LND 712 yenye dirisha la maika, njia ya kutafuta kosa ni ile ile. Namba zichukue kwenye karatasi ya maelezo ya tyubu yako.

Kabla hujagusa chochote, tazama umeme wako wa juu unatoka wapi. Saketi ndogo ya koili na transista huishia kwenye kapasita ya nanofaradi 10 hivi, na kwa volti 400 hiyo inabeba chini ya milijuli moja. Itakushtua, utaruka, basi. Lakini wapo wanaonyofoa saketi ya flashi kutoka kamera ya zamani kwa sababu tayari inazalisha volti 300. Kapasita ya flashi ina mikrofaradi 100 au zaidi, na inabeba juli kadhaa, yaani maelfu ya mara ya ile ndogo. Hiyo inaunguza na inaweza kuua. Iondoe kabisa, weka ndogo mahali pake. Kisha zima kifaa, unganisha miguu ya kapasita kwa rezista, subiri, ndipo uingize vidole.

Kimya kabisa

Sikiliza dakika tatu nzima kwanza. Mipigo 15 kwa dakika haiji kwa zamu. Inaweza kukaa kimya sekunde 15 halafu ikaja mitatu kwa mkupuo. Nimeona watu wakizima kifaa kizima baada ya sekunde kumi za ukimya.

Dakika tatu zikipita bila mlio, pima umeme wa juu. Hapa ndipo wengi wanapopotea njia, na nitakaa hapa kidogo.

Multimita ya kawaida ina ukinzani wa megaomu 10 ndani yake. Kwa betri hiyo si kitu. Kwa saketi inayoweza kutoa mikroampea chache tu, ni mzigo mzito: ukigusa, volti zinaporomoka, na mita inakuonyesha kile ilichokiharibu yenyewe. Dada mmoja alikuja na kaunta iliyokuwa ikipiga mfululizo kama mvua juu ya bati. Alikuwa ameunganisha mita, akaona volti 240, akazungusha kirekebisho taratibu hadi mita ikasoma 400. Alifanya kile ambacho mwongozo ulimwambia. Alipoondoa mita, mzigo ukaondoka nao, volti zikapanda kupita 600, na tyubu ikaingia kwenye mtoko usiokatika. Hakukosea kusoma, kifaa cha kusomea ndicho kilichomdanganya.

Dawa yake ni kutengeneza kipimio cha gigaomu 1. Unganisha rezista kumi za megaomu 100 kwa mfuatano, ziweke ndani ya mrija wa plastiki, na uzipitishe kabla ya mita. Ukiwa na mita ya megaomu 10, zidisha usomaji kwa 101: ukiona volti 3.96, una volti 400. Baadhi ya mita za bei nafuu zina megaomu 1 tu, na hizo huzidishwa kwa 1001. Soma kijitabu cha mita yako ujue. Rezista moja kubwa isikushawishi, kwa sababu rezista ndogo za kawaida hazikuundwa kubeba mamia ya volti peke yake. Kumi zinagawana mzigo. Na usizishike kwa vidole vyenye jasho, maana katika ukinzani mkubwa hivi hata alama ya kidole hupitisha umeme.

Sasa pima tena. Kama umeme hauko hata kidogo, mara nyingi kosa liko upande wa volti ndogo: betri iliyochoka, transista iliyogeuzwa miguu, saketi ya 555 (chipu ya kutoa mapigo ya kuendesha koili) isiyotetemeka. Hayo ni ya kawaida na yanapimika kwa mita ile ile.

Kama upo lakini unagoma kupanda, tazama vitu viwili. Cha kwanza ni dayodi. 1N4007 inastahimili volti 1000, ndiyo, lakini ni nzito kujifunga. Kwenye saketi inayowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, inarudisha nyuma sehemu ya kile ilichopitisha. Weka UF4007, iliyo na uwezo ule ule wa volti lakini inajifunga haraka mno. Badiliko hilo moja limefufua kaunta nyingi. Cha pili ni transista. 2N3904 imepewa volti 40, kwa hiyo haiwezi kusimama mbele ya koili inayorusha volti 400; inavuja kila mara na umeme unagota hapo hapo kama uliogonga dari. MPSA44 imepewa 400. Kama transista yako inapata moto huku volti hazipandi, mojawapo ya hawa wawili ndiye mzizi wa fitina.

Volti zikiwa sawa na bado kimya, angalia alama ya jumlisha kwenye tyubu. Waya wa katikati uelekee upande chanya kupitia rezista. Tyubu iliyogeuzwa inaweza kunyamaza, inaweza kupiga kwa fujo, na kuiacha hivyo kunaiharibu. Tazama pia vishikio: SBM-20 hukaa vizuri kwenye klipu za fyuzi, na klipu iliyolegea hukata mguso bila kuonekana. Usilehemu moja kwa moja kwenye vichwa vya tyubu. Joto hupasua muhuri, gesi inatoka, na hapo ndipo unapopata tyubu iliyokufa kweli. Zile chache nilizozikuta, karibu zote ziliuawa hivyo.

Inapiga kupita kiasi

Hii ndiyo hali inayowatisha watu, na ina sababu nyingi zaidi. Anza kwa jaribio moja ambalo halihitaji chombo chochote: zima, chomoa tyubu kwenye klipu, washa tena. Kama kaunta inaendelea kuhesabu bila tyubu, basi inajihesabu yenyewe.

Jaribio la pili ni la sikio. Mionzi haina mdundo. Chembe moja haijui nyingine imefika lini, kwa hiyo mipigo inakuja ovyo, imesongamana hapa, imeachana pale. Ukiweza kupiga makofi ukifuatana na mlio, hicho unachokisikia ni elektroniki.

Kaunta inayojihesabu yenyewe huwa inasikia saketi yake ya umeme wa juu. Waya wa mpigo umepita karibu na koili, au njia ya hasi ni nyembamba na inatumiwa na wote wawili. Tenganisha, fupisha nyaya, weka kapasita ya mikrofaradi 100 kwenye milango ya betri. Bredibodi, ubao wa kuchomekea vipande bila kulehemu, kwa kazi hii sipendi hata kidogo: mistari yake inapeana umeme pembeni, na kwa volti 400 inavuja. Simu nayo ni mgeni mbaya. Iweke juu ya kaunta, pigia namba hiyo, uone kama hesabu inaruka. Ikiruka, kaunta inahitaji boksi la chuma lililounganishwa na hasi, au angalau karatasi ya alumini juu ya saketi ya kupokea mpigo. Usiizungushe tyubu nzima, ukaizuia kuona mionzi ya beta.

Kama fujo inaisha ukichomoa tyubu, usiihukumu bado. Fikiria inavyofanya kazi. Chembe inapopita, inang'oa elektroni, hizo zinang'oa nyingine, na kwa kufumba na kufumbua gesi yote kuzunguka waya inapitisha umeme. Mkondo huo unapita kwenye rezista kubwa, volti zinaanguka, na halojeni iliyochanganywa kwenye gesi inasaidia kuzima moto huo. Rezista ndiyo breki. Kwa SBM-20 ni megaomu 5.1, na 4.7 inakubalika. Ukiweka kiloomu 470 kwa kukosea rangi, breki haishiki: mpigo mmoja unazaa wa pili na wa tatu.

Mahali pa breki nako kuna maana. Rezista ikae kwenye mguu wa tyubu. Kuna ndugu aliyeunda kipimio kizuri cha kushika mkononi, tyubu kwenye bomba, waya wa koaksi (kama ule wa antena ya televisheni) wa mita moja, na rezista ndani ya boksi kuu. Kilihesabu karibu mara mbili ya vingine vilivyokuwa mezani. Waya wa koaksi wa aina hiyo una pikofaradi 100 hivi kwa kila mita, ilhali SBM-20 yenyewe ina pikofaradi 4 tu. Kila mpigo ulikuwa unachota umeme wote uliolala kwenye waya kabla rezista haijapata nafasi ya kusema basi. Tulihamisha rezista hadi kwenye tyubu, sentimita moja kutoka kichwani, na hesabu ikashuka pale pale. Kuiacha kule kungefupisha pia maisha ya tyubu.

Breki ikiwa sawa, rudi kwenye volti. Chora mstari wa tyubu yako: anza volti 300, panda kwa hatua za 20, na kila hatua hesabu kwa dakika tano au zaidi ukiwa na chanzo kile kile mahali pale pale. Mwanzoni hakuna kitu, kisha hesabu inapanda ghafla, kisha inatulia kwenye uwanda ambako kuongeza volti hakubadilishi mengi. Mwisho wa uwanda hesabu huanza kupanda tena. Simama hapo hapo. Kuendelea ni kuiunguza. Kaa katikati ya uwanda. Kazi hii inachukua saa nzima, na ninaiona kuwa saa yenye faida kuliko zote utakazotumia kwenye kaunta, kwa sababu baada yake huna haja ya kuamini neno la mtu.

Mbili zilizobaki ni za haraka. Tyubu nyingi za kioo huona mwanga, hasa wa jua. Zifunike kwa mpira mweusi na hesabu itatulia. Na unyevu, pamoja na mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemia) kwenye bodi, hupitisha umeme mahali pasipo na njia. Dalili yake ni kaunta inayofanya vizuri mchana mkavu na kuchachawa usiku wa unyevu. Sugua bodi kwa alkoholi ya isopropili na mswaki laini, acha ikauke kabisa, na lainisha vilele vya risasi ya kulehemia vilivyochongoka kama miiba, maana umeme wa juu huvuja kwenye ncha.

Mlio upo, skrini hailingani

Masikio yanasikia 20, skrini inasema 40. Mara nyingi mpigo una mkia unaotetemeka, na maikrokontrola, chipu inayohesabu, inauhesabu mara mbili. Iambie ipuuze chochote ndani ya mikrosekunde 200 baada ya mpigo. Hupotezi kitu, kwa sababu SBM-20 yenyewe huwa haioni kwa mikrosekunde 190 hivi. Kwenye Arduino Uno, waya wa mpigo uingie pini 2 au 3 zenye intarapti (zinazoikatiza programu mara mpigo unapofika), na kihesabu kitangazwe kwenye msimbo kuwa volatile, la sivyo programu itaendelea kusoma namba ya zamani. Kihesabu cha int hapo kinaishia 32,767 kisha kinageuka hasi. Ukiona mionzi hasi, ni hicho.

Angalia na kigeuzi cha mikrosiveti, kipimo cha dozi ya mionzi. Programu nyingi za SBM-20 huzidisha mipigo ya dakika kwa 0.0057, hivyo 20 inakuwa 0.114 kwa saa. Tyubu nyingine ina kizidisho kingine, na hata hiki ni cha gamma ya nguvu fulani. Ukiiweka kaunta juu ya kitu kinachotoa beta nyingi, mipigo ni ya kweli lakini mikrosiveti zinazoonyeshwa si za kweli. Mimi huwashauri wanaoanza waonyeshe mipigo tu.

"Haioni chochote kwenye chanzo"

Uliza kwanza chanzo kinatoa nini. Mionzi ya alfa haipenyi ukuta wa chuma wa SBM-20, kwa hiyo kaunta isiyoiona haina kosa. Kwa alfa unahitaji dirisha la maika. Usibomoe kifaa cha kugundua moshi kutafuta amerikiamu, wala usifungue saa ya zamani yenye rangi ya radiamu. Vumbi lake likiingia mapafuni haliwezi kufutwa.

Chanzo salama cha kujaribia ni kloridi ya potasiamu, chumvi mbadala ya wanaopunguza sodiamu. Katika kila gramu ya potasiamu ya asili, viini vya atomu kama 31 huvunjika kila sekunde, kutokana na potasiamu-40. Jaza mfuko mwembamba, laza tyubu juu yake, hesabu dakika 20, kisha uondoe na uhesabu dakika 20 nyingine. Tofauti ni ndogo lakini inaonekana. Vijiti vya kuchomelea vya tangsteni vyenye thoriamu, vile vya ncha nyekundu, vinaonyesha zaidi. Viache vizima na usivinoe.

Wanaotumia BPW34, dayodi ya kuhisi mwanga, badala ya tyubu wana shida zao. Eneo lake ni milimita za mraba 7 hivi, kwa hiyo dakika kadhaa bila mpigo ni kawaida. Ikiona mwanga hata wa tundu la sindano, imekwisha. Izibe kwa alumini iliyounganishwa na hasi. Ikipiga unapogonga meza, inasikia mtetemo, nayo inataka kuwekwa juu ya sponji.

Kaunta mbili, namba mbili

Watu wawili wanaweka kaunta bega kwa bega. Moja inasema 14, nyingine 23. Ugomvi unaanza. Lakini hesabu ya matukio yasiyo na mpangilio huyumba kwa kipeuo cha pili cha namba yenyewe: 14 inayumba kwa karibu 4, na 23 kwa karibu 5. Kwa dakika moja tofauti ya 9 inaweza kutokea hata kwa kaunta ile ile dhidi ya nafsi yake. Hesabuni dakika 30. Mkipata 420 na 690, sasa kuna la kujadili, kwa sababu namba hizo zinayumba kwa 20 na 26 tu. Rudini kwenye volti na rezista.

Ninalisisitiza hili kwa sababu namba hizi huwafikia watu wenye hofu. Baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ya Machi 2011, wanaojitolea wa Safecast, mradi wa raia wa kupima mionzi, waliunda vipimio vyao na kupima barabara baada ya barabara. Kifaa chao cha bGeigie Nano kinatumia tyubu ya aina moja, LND 7317, hivyo namba ya mtu mmoja inaweza kuwekwa kando ya namba ya mwingine. Kaunta inayopiga kwa sababu ya fluksi haistahili kumwambia mzazi yeyote kama uwanja wa watoto ni salama.

Imepanda baada ya mvua

Hii huletwa mezani kama kosa, na mimi huifurahia kuliko zote. Mvua inapoanguka inasomba watoto wa radoni (gesi ya asili yenye mionzi) waliokuwa wakielea hewani, risasi-214 na bismuthi-214. Chukua karatasi laini, ifute juu ya kitu kilichonyeshewa sasa hivi, kama bati la gari, ikunje na uilaze kando ya tyubu. Kaunta isiyo na kosa itapanda waziwazi. Andika saa, kisha hesabu kila dakika kumi. Ziada juu ya hesabu ya kawaida itapungua kwa nusu kila baada ya nusu saa hivi, kwa kuwa nusu-maisha ya hao wawili ni dakika 26.8 na 19.9. Kama hakuna mvua, sugua puto kwenye nywele, litundike kwenye chumba kilichofungwa kwa dakika 45, litoe hewa na ulilaze juu ya tyubu.

Yule dada wa volti 240 alifanya jaribio la puto mwisho wa siku ile, baada ya kushusha volti zake hadi 400 kwa kipimio cha gigaomu. Tyubu ilikuwa ile ile aliyokuja nayo. Dakika kumi za kwanza zilimpa 610, na saa mbili baadaye alikuwa karibu na hesabu yake ya kawaida, akiwa na ukurasa mzima wa namba zinazoshuka kwa mpangilio.